Upasuaji wa matundu kwa saratani ya utumbo mpana: naupa nyota 4

Mimi nimefanyiwa huu wa matundu, yaani wa vitundu vidogo na kamera, miezi mitatu iliyopita, mjomba wangu ugonjwa huohuo alipasuliwa tumbo lote, kwa hiyo zote mbili nimeziona kwa karibu. Kwanza hilo jina matundu lina uongo kidogo, utumbo wenye uvimbe haupiti kwenye kitundu cha sentimita moja jamani, lazima wapanue sehemu moja wautolee hapo, yangu iko kitovuni na ndo iliniuma kuliko zote. Halafu bega! Wanakujaza gesi tumboni ili kamera ipate nafasi ya kuona, nilipoamka bega linauma nikajua moyo huo unaniacha, kumbe ni gesi tu, siku mbili ikaisha yenyewe.

Ila kupona aisee ni kuzuri. Siku ya pili nilikuwa natembea kwenye korido, ya tano nikaruhusiwa. Mjomba siku kama hiyo alikuwa bado anakumbatia mto kila akitaka kukohoa.

Nyota moja nimekata kwa walivyoninadia, eti saratani inaisha vizuri zaidi. Sio kweli. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2004, wagonjwa 872 waligawanywa kwa bahati nasibu, huku matundu huku kupasuliwa, baada ya miaka 3 saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya wa matundu na 18 ya wenzao, waliokuwa hai 86 kwa 85, yaani ngoma droo. Kulazwa siku 5 kwa 6. Thieta ndo matundu yanachelewa, dakika 150 kwa 95, na karibu mmoja kati ya watano walianza na matundu wakaishia kupasuliwa kawaida, ila huo ni wa zamani, madaktari wameshazoea zaidi sasa. Hata hivyo kabla ya kusaini fomu jua hilo linaweza kukukuta na wala sio kwamba daktari kaharibu.

Mimi ningekuwa naanza upya ningemuuliza daktari vitu viwili tu, ameshafanya wangapi, na huwa anatoa tezi ngapi za limfu, vile vitezi vidogo vinavyokatwa pamoja na utumbo, maana inatakiwa zipimwe angalau 12 ndo ujue kama ugonjwa umesambaa au la. Mjomba na likovu lake lote zilipatikana 19, mimi 14, na ananitambia mpaka leo.