Studio kwanza, au gemu yako mwenyewe?

Umemaliza chuo na unataka kazi ya kutengeneza gemu. Uombe mafunzo kazini kwenye studio, au utoe kigemu chako kwanza?

Studioni utapata kitu ambacho chumbani hukipati: kusoma msimbo wa programu ulioandikwa na mtu mwingine, tena miaka iliyopita, na kuurekebisha bila kuharibu kazi ya wenzako. Tatizo ni nafasi. Mwaka 2023 na 2024 studio nyingi kubwa zilipunguza wafanyakazi, kwa hiyo unagombania na watu wenye uzoefu. Na ukiipata, usishangae kushinda wiki nzima ukijaribu kama milango ya gemu inafunguka.

Gemu yako haisubiri ruhusa ya mtu. Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure, na kupandisha gemu yako itch.io, tovuti ya kusambaza gemu, hulipi kitu. Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, wanatoza dola 100 kwa kila gemu. Ludum Dare, mashindano ya kutengeneza gemu yaliyoanza 2002, humpa anayeshindana peke yake saa 48 tu, na hapo ndipo unajifunza kupunguza: mhusika mmoja, chumba kimoja, kitufe kimoja cha kuruka. Kuruka kukichelewa kidogo tu baada ya kubonyeza, mchezaji anaona gemu nzito, hata kama hajui kwa nini. Kulitibu hilo kunaweza kukumalizia usiku mzima.

Mimi ningeanza na kigemu, hata cha dakika tano, mradi kina mwisho. Kisha ningetuma maombi studioni, kiungo chake kikiwa juu kabisa, kabla ya vyeti.