Uzoefu wangu na Inkscape: kuirudisha logo ya jahazi iliyopotea

Kazi yangu ni mabango. Banda langu liko Langoni, hapa Lamu, na kwa miaka mingi niliandika kwa brashi: majina ya mashua, maduka, madrasa. Nilipopata mashine ya kukata stika ndipo nilipojua kwamba kukata ni kazi ndogo. Kazi ni kuipata logo. Karibu kila mteja huja na picha ya WhatsApp, tena iliyotumwa na kutumwa tena, na kila safari imebanwa ikapungua. Ukiitanua ifike upana wa bango la futi sita, yote ni vigae. Na mashine ya kukata haifuati picha. Inataka mstari, yaani mchoro wa vekta, ili kisu kijue kianzie wapi na kiishie wapi.

Programu ninayoitumia ni Inkscape. Ni ya bure, imekuwepo tangu 2003, na faili zake ni za SVG, aina ya faili la michoro ya vekta. Gharama yangu ilikuwa bando ya kuipakua tu. Nimeitumia miaka mitatu sasa, na kazi iliyonionyesha uzuri wake na upungufu wake ni ya mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Shela.

Alikuja na simu mkononi. "Mwanangu, hii ndiyo logo yangu. Nataka kibao cha kuweka gatini, wageni wakishuka waione." Picha ilikuwa ndogo kama stempu: jahazi limetweka tanga, na jina la nyumba chini yake. Nikamuuliza aliyeichora. Alikuwa fundi wa Mombasa, na namba yake haipatikani tena. Logo ilikuwa yake, ameilipia, lakini faili la asili hakupewa kamwe. Kwa kweli jambo hili huniumiza kila nikutanapo nalo.

Nilianza na njia ya mkato. Inkscape ina amri iitwayo Trace Bitmap, inayofuata kingo za picha na kuzigeuza mistari. Kiini chake ni Potrace, programu iliyoandikwa na Peter Selinger. Picha ikiwa kubwa na safi, weusi na weupe tu, hufanya kazi nzuri sana. Niliwahi kuletewa jina la madrasa lililoandikwa kwa khati ya mkono kwenye karatasi. Nililiskani kwa ubora wa juu, likatoka bila ya kuguswa. Lakini kwa stempu ile ya WhatsApp, tanga lilitoka limetafunwa na panya. Nikalichagua nione nukta zinazounda mstari wake: zaidi ya mia nne kwenye umbo moja! Ukiipa mashine mstari wa namna hiyo, kisu husitasita kila nukta, na unapong'oa mabaki ya stika kingo zinachanika.

Basi nikarudi kwa yule mama. "Mama, hebu nitafutie PDF yoyote uliyonayo. Ankara, orodha ya bei, brosha, chochote chenye logo." Hili ndilo ningependa kila fundi wa mabango aanze nalo kabla ya kuchora chochote. PDF mara nyingi hubeba mchoro wa asili ndani yake, na Inkscape huifungua kama faili lolote. Akaipata brosha aliyowahi kuwatumia mawakala kwa baruapepe. Nilipoifungua, dirisha likaniuliza herufi nizichukue vipi, nikachagua zije kama maumbo. Nikatenganisha makundi, nikaondoa vifuniko ambavyo PDF huja navyo tabaka juu ya tabaka, na jina la nyumba likatoka safi. Nililikuza mpaka herufi moja ikajaza kioo, na ukingo wake haukuvunjika hata kidogo. Nilifurahi mno, kwa sababu herufi zile zilikuwa zimerefushwa mikia kwa mkono. Hakuna fonti ambayo ingenipa kitu kile.

Jahazi halikuwa na bahati hiyo. Lilibandikwa kwenye brosha kama picha, ila kubwa mara tatu kuliko ya WhatsApp. Ikabidi nilichore upya. Niliiweka picha chini, nikaipunguza rangi, nikaifunga isisogee, kisha nikachora juu yake kwa kalamu ya Bezier, yaani kifaa cha Inkscape cha kuchora mistari na mikunjo. Siri ni kuweka nukta chache, pale tu mstari unapogeuka, halafu kuuvuta mkunjo kwa vishikio vyake. Tanga zima lilikuwa na nukta tisa.

Ami yangu ni fundi wa majahazi Matondoni. Alipita bandani kuninywesha kahawa, akatazama kioo kwa muda. "Foramali umeinyoosha kama mwiko," akasema, maana yake ule mti unaobeba tanga. "Yataka ipinde kidogo huku juu. Tanga lako halina upepo." Nikaikuza picha ya brosha. Kweli, kwenye ile ncha ya juu palikuwa na kivuli cha mpindo ambacho mimi nilikichukulia kuwa ukungu wa picha. Nikavuta nukta moja, na chombo kikaanza kwenda. Yule mama alipoona alisema, "Hii ndiyo!" Vile nilivyoichora kwanza angeikubali pia, naamini, lakini isingekuwa logo yake.

Upungufu wake upo. Rangi za Inkscape ni za kioo cha kompyuta, RGB, na ukipeleka kazi kwa wanaochapisha, buluu inaweza kurudi na sura nyingine. Kwa stika za kukata hainisumbui, maana rangi ni ya bunda la stika lenyewe. Kwa kuchapisha, huwa naomba kipande cha majaribio kwanza. Pia faili za CorelDRAW, programu nyingine ya kuchora ambayo mafundi wengi wanaitumia, hufunguka lakini si zote kwa uaminifu. Maandishi hasa huhama. Mwenzangu akinitumia, namwomba ageuze herufi ziwe maumbo na anipe PDF. Na kama ni picha, aitume kwa WhatsApp kama dokumenti ili isibanwe.

Kibao kiliwekwa gatini Shela, stika nyeusi juu ya bati la alumini lililopakwa rangi nyeupe. Yule mama nilimkabidhi pamoja na kidude cha flashi chenye SVG, PDF na PNG kubwa, nikamwambia asiiache simuni peke yake. Akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye mkebe anaowekea hati ya nyumba.