TAHADHARI kwa wapiga besi na kwaya za Dar: muuza ampu za "wati 800" bado yuko kazini

Wakuu, hasa wapiga besi, viongozi wa bendi ndogo na nyie watunza hazina wa kwaya mnaoshika hela ya michango: kuna jamaa anauza ampu na maboksi ya spika za besi hapa Dar, na anaendelea kuingiza watu mjini. Anatangaza Instagram na kwenye status za WhatsApp, anajitambulisha kama winga wa vyombo vya muziki, na wateja anawakutanisha ghorofani Kariakoo, leo chumba hiki, kesho kingine. Jina simtaji. Analibadilisha kila akaunti ikifungwa, na kuna kwaya imeshafungua jalada polisi, sitaki kuwavurugia. Mtamtambua kwa mali zake.

Mimi napiga besi mahotelini na kwenye maharusi, na mchana nafungua ampu za watu. Kwa hiyo mali za huyu bwana naziona zikiletwa mezani zimeshakufa, na wenyewe wakiamini wao ndio walioziua. Si kweli, zilitoka kwake zikiwa hivyo.

Mali anayoipenda zaidi ni kombo, yaani ampu na spika ndani ya boksi moja. Spika inchi 15, mbele nembo ya kampuni kubwa ya Marekani, nyuma stika inayong'aa imeandikwa 800W. Bei shilingi 650,000, "kwa vile ni wewe bosi wangu". Dogo mmoja wa Sinza aliniletea ya kwake baada ya kuzima katikati ya send-off, MC akabaki anajaza hewa. Nilipofungua nikakuta bodi ndogo ya aina inayowekwa kwenye sabufa za sebuleni, na transfoma ambayo, ukipiga hesabu ya volti zake kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), haifikishi hata wati 50. Chini ya boksi kulikuwa na kipande cha chuma kimefungwa kwa bolti. Hakina kazi yoyote ya umeme. Kimewekwa ili ukilinyanyua useme "aisee, hili zito, hili orijino".

Hapo fyuzi ndiyo iliyosema ukweli. Pale nyuma inapoingia waya wa umeme pana kifuniko kidogo cha fyuzi, na pembeni yake ampea zimeandikwa. Kwenye kombo ile ilikuwa ampea 1. Umeme wetu ni volti 230. Volti mara ampea unapata wati, kwa hiyo mlango mzima wa umeme unapitisha wati 230 kwa mfululizo, na sehemu kubwa ya hizo inageuka joto kabla haijafika kwenye spika. Sasa wati 800 zinatoka wapi? Tuwe waungwana, fyuzi ni dalili tu, kwa sababu muziki unaruka na kushuka, na ampu nzuri inaweza kusukuma kwa kishindo cha muda mfupi zaidi ya fyuzi inavyoonyesha. Lakini pengo likiwa kubwa kiasi hicho, rudisha hela mfukoni.

Ukimbana atakwambia ile 800 ni PMPO. Hicho siyo kipimo ambacho mafundi wamekubaliana, kila kiwanda kinaandika kinachotaka. Wewe ulizia wati za RMS, yaani zile ampu inazoweza kutoa mfululizo, na ulizia kwenye omu ngapi. Ampeg SVT, ampu iliyoanza mwaka 1969 na kubebeshwa besi kwenye viwanja vikubwa, ilikuwa ya wati 300. Mia tatu tu! Kichwa chake, yaani ampu yenyewe bila spika, peke yake kinakaribia kilo 40, na boksi lake lina spika nane za inchi 10. Ukiambiwa kuna kombo ya laki sita na nusu inayoizidi karibu mara tatu, cheka halafu shuka ngazi.

Hapa uzito msiufanye kipimo, ndiyo maana nimekitaja kile chuma. Vichwa vya kisasa vya daraja D vina kilo mbili au tatu na vinatoa wati 500 za kweli kwenye omu 4. Kwenye omu 8 kichwa hicho hicho kinashuka hadi 300 hivi, na hakuna aliyekuibia, ndivyo umeme unavyofanya kazi. Spika zenye sumaku ya neodimiamu nazo ni nyepesi. Tapeli anajua watu wa mjini bado wanapima muziki kwa mgongo.

Mali yake ya pili ni boksi la spika nne za inchi 10. Hili lilinichefua zaidi, maana walionunua ni kwaya, hela ya harambee. Spika nne zinaonekana vizuri nyuma ya wavu, lakini zinazolia ni mbili. Zile mbili za chini ni koni tupu zilizogundishwa, hazina waya. Boksi likipigwa taratibu dukani hujui kitu. Ukifika kanisani ngoma zikaanza, spika mbili zinabeba mzigo wa nne, na koili zinaungua.

Hili unaweza kuligundua kwa betri. Chukua waya wa spika, chomeka upande mmoja kwenye boksi, kisha gusisha betri ya mraba ya volti 9 kwenye ncha ya upande wa pili, mara moja tu, usiishikilie. Kila spika lazima iruke, na zote zirukie upande mmoja. Ukiona moja inaingia ndani wakati nyingine zinatoka nje, nyaya zimegeuzwa, na besi yako itakatwa na spika zenyewe. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, haitaruka, itatoa mlio mdogo tu, hiyo isikutishe. Wavu ukikuzuia kuona, uondoe. Muuzaji akikataa usiondolewe, mmeshamalizana.

Mwenye mita apime na omu. Boksi la omu 8 kwenye mita husoma chini kidogo, kama 5.5 mpaka 7. La omu 4 husoma 3 na kidogo. Ukisoma kinachotofautiana sana na kilichoandikwa, kuna aliyechezea humo ndani. Na huyu bwana ana tabia ya kuuza maboksi mawili ya omu 4 pamoja na kichwa kisichovumilia chini ya omu 4, "ili muziki ujae". Ukiyachomeka yote mawili kwa pamoja unapata omu 2, kichwa kinachemka, kinajizima au kinakufa. Kwa kichwa cha namna hiyo chukua maboksi mawili ya omu 8 ndipo ufike 4.

Spika iliyosukwa koili upya au kuvalishwa koni mpya siyo dhambi. Mjini hapa tuna mafundi wanaofanya kazi hiyo vizuri, na bendi zetu za dansi zimeishi kwa mikono ya mafundi wa namna hiyo. Kosa ni kuiuza kama mpya. Huyu anapuliza rangi nyeusi juu ya kutu ya fremu, na povu la pembeni ya koni lililoliwa na joto na unyevu wa pwani analiziba kwa mpira wa tyubu. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa. Ukisikia inakwaruza ndani, koili imepinda.

Tatu ni mtumba wa Japani, na hapa ndipo anapoweza kuua mtu. Umeme wa Japani ni volti 100. Ampu za kule zinaweza kuwa nzuri kweli, nami nisingekatisha mtu tamaa ya mtumba. Ila yeye anakata plagi ya awali, anafunga plagi yetu ya miguu mitatu bapa, na dukani anaichomeka kwenye transfoma ya kushusha umeme iliyofichwa chini ya meza nyuma ya maboksi. Inalia vizuri, unalipa, unapakia kwenye bajaji. Nyumbani unachomeka ukutani, volti 230 zinaingia kwenye kitu cha volti 100, inatoa moshi. Ukimpigia anakujibu umeme wa kwenu Mbagala mbovu, nunua stebilaiza. Dada mmoja anayepiga besi kanisani kwao aliinunua kweli hiyo stebilaiza, kwa huyo huyo.

Kwa hiyo soma stika ya nyuma kabla ya kuuliza bei. Ikiandikwa AC 100V au 120V, na hakuna swichi ya kuchagua volti, basi bei iwe na transfoma yake, tena transfoma kubwa kuliko ampu inavyokula. Na fuata waya kwa macho, kutoka kwenye ampu hadi ukutani, bila kuona haya. Plagi iliyofungwa kwa mkono kwenye waya wa zamani ni ya kuulizia. Ukikuta na mguu wa athi hauna kitu, wewe ndiye utakayekuwa athi siku umeshika nyuzi za gitaa na mdomo ukagusa maiki.

Watu wanapigwa kirahisi hivi kwa sababu tunafukuzia namba kubwa kwa kazi ndogo. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, sikio linaona tofauti ndogo. Spika yenyewe ina neno kubwa zaidi: yenye wepesi (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 100 ikipewa wati 100 inapiga sawa na ya desibeli 97 iliyopewa wati 200. Kwa baa ya kawaida yenye mpiga drams, wati 200 mpaka 300 za RMS kwenye spika mbili za inchi 10 au moja ya 15 zinatosha kabisa. Kanisani, kama besi inapita kwenye mikseta na kutokea spika kubwa, ampu ya wati 100 ya kujisikia wewe mwenyewe inakutosha, mradi iwe na tundu la kupeleka sauti kwenye mikseta. Kitchen party yenye kinanda bila drams, hata chini ya hapo.

Na ukishapata ya kweli usiiue kwa kitufe cha besi. Kukipandisha kwa desibeli 6 ni kuidai ampu nguvu mara nne kwenye sauti zile zile zinazochosha spika. Uzi wa E mtupu, ule mnene wa besi, uko kwenye hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), boksi dogo haliwezi kuitoa sauti hiyo vizuri hata ulibembeleze. Kwenye ukumbi wa marumaru na bati, pandisha ya katikati, punguza ya chini, sogeza boksi mbali na kona. Mtasikika.

Kuhusu hela ya kishika uchumba, "kontena linatoka bandarini Ijumaa, tuma laki mbili nikushikie", sina mengi. Usitume. Nenda na gitaa lako, na waya wako, piga E kwa sauti unayopigia kazini siyo ya dukani, kwa muda wa kutosha ampu ipate joto. Feki nyingi zinaanza kukoroma hapo hapo. Akisema majirani watalalamika, Kariakoo hiyo yenye spika kila mlango, unajua umefika wapi.

Walioshanunua: risiti yake ya mkono iliyogongwa "mali ikiuzwa hairudishwi" isiwafunge mdomo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Tunzeni tangazo lake, piga picha ya skrini kabla hajafuta, na meseji ya muamala. Chukueni RB, namba ya taarifa yenu ya polisi, kituoni. Bidhaa yenye nembo ya kughushi ipelekeni pia Tume ya Ushindani, FCC, hiyo ni kazi yao. Aliyetumiwa meseji za kutuma hela kwa mzigo usiokuwepo, namba ya tapeli inaripotiwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Na wanaonunua kokote kuanzia leo, daini risiti ya EFD na muuzaji aandike kilichouzwa kwa ukamilifu: aina, wati za RMS, omu, volti. Wengi wanakuwa wapole ghafla ukifika kwenye kuandika.

Mwenye kombo yenye stika ya fedha ya 800W, naomba asiitupe wala asimrudishie fundi aliyetumwa na muuzaji "kuirekebisha bure", maana mbili zilizochukuliwa kwa njia hiyo hazikurudi. Niwekee hapa chini picha ya nyuma ya ampu, fyuzi ionekane, namba za simu mzifunike. Kwaya ile inakusanya picha hizo kwa ajili ya jalada lao.