Vibandiko vya Estradioli Katika Joto la Tanga: Miezi Sita ya Kwanza

Kwa mtu anayeishi mahali pa baridi ningevipa vibandiko hivi vya estradioli, yaani homoni ya kike, nyota tano bila kusita. Kwa anayeishi Tanga wakati wa kaskazi navipa tatu, na hata hizo tatu zimetokana na jitihada zangu zaidi kuliko na gundi yao. Nilianza kuvitumia mwezi wa Oktoba nikiwa Minneapolis, Marekani, ambako daktari aliniandikia tiba ya homoni ya kubadili jinsia baada ya kunipima damu na kunieleza kwa kirefu kwamba uwezo wa kuzaa unaweza kupungua au kupotea kabisa. Mwishoni mwa Desemba nikaja navyo nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, kumuuguza bibi, kwa hiyo nimevijaribu miezi mitatu kwenye theluji na mitatu kwenye jasho.

Kibandiko chenyewe ni kipande chembamba kinacholingana na stempu ya posta. Hubandikwa chini ya kiuno, kwenye tako au sehemu ya chini ya tumbo, wala hakibandikwi kwenye matiti, na hubadilishwa mara mbili kwa wiki, hivyo boksi la vipande 8 hutosha wiki nne. Changu hutoa mikrogramu 100 za estradioli kwa siku, ambazo huingia kwenye damu kupitia ngozi bila kupita kwanza kwenye ini kama ilivyo kwa kidonge cha kumeza, na kwa sababu hiyo hatari ya damu kuganda huwa ndogo. Hilo ndilo lililonifanya nivichague, kwa kuwa katika ukoo wetu yupo aliyewahi kupata donge la damu mguuni.

Matokeo hayana haraka, na anayetarajia mabadiliko ndani ya wiki mbili atavilaumu vibandiko bure. Mwezi wa kwanza ngozi ya uso iliacha kung'aa mafuta na jasho likabadilika harufu. Machozi nayo yakawa karibu. Mwezi wa tatu kikatokea kinundu kigumu kama mbegu ya ubuyu chini ya kila chuchu, chenye maumivu kiasi kwamba siku niliyobeba dumu la maji nikiwa nimelikumbatia kifuani nililitua kwa ukelele, bibi akauliza kama nimeumwa na nge. Ndevu bado nanyoa kila asubuhi, na sauti ni ile ile, kwani estradioli haiwezi kuirudisha sauti iliyokwisha kuwa nzito.

Sasa nije kwenye gundi. Minneapolis kibandiko kilikaa siku tatu na nusu kikiwa kimeshika pembe zote, lakini hapa kilianza kujikunja kingo siku ya pili na kufika jioni kikawa kinaning'inia. Kimoja kilinitoka usingizini. Asubuhi nilipomwamkia shangazi, "Shikamoo shangazi," aliniitikia, "Marahaba mwanangu. Hii plasta yako ya mgongo imegandia kwenye shuka, nikubandikie upya?" Nilimshukuru nikaichukua, wala sikumsahihisha kuhusu mgongo. Niliharakisha kwa sababu kibandiko kilichotumika bado kina homoni ndani yake, hivyo kinapaswa kukunjwa gundi kwa gundi na kutupwa pasipofikiwa na watoto, na nyumbani kwetu yupo wa miaka miwili anayeokota kila kitu.

Sehemu ya kosa ilikuwa yangu, kwa maana nilikuwa nikioga na kujipaka mafuta ya nazi mwili mzima kama nilivyolelewa, nikisahau kwamba gundi hii haishiki juu ya mafuta. Siku hizi ninapobadilisha, naoga, najikausha, nakaa mbele ya feni kwa robo saa, kisha nabandika mahali pasipo mafuta na pasiposuguliwa na mkanda wa suruali, nakigandamiza kwa kiganja na kuzungushia kingo zake plasta ya hospitali. Hukaa, ingawa huacha mraba mwekundu unaowasha, na ndiyo maana sirudii mahali pale pale. Ipo pia shida ya kuvihifadhi: maelezo ya boksi langu yanataka mahali pasipozidi nyuzi 25, na sijui mwandishi wake aliwahi kufika Tanga mwezi wa Februari. Nimeviweka ndani ya mkebe wa bati, sakafuni, kando ya mtungi wa bibi.

Vipimo vilithibitisha nilichokihisi. Kabla ya safari, estradioli yangu ilikuwa pikogramu 118 kwa mililita, nayo shabaha ya kawaida ya tiba hii ni kati ya 100 na 200. Februari, maabara moja ya hapa mjini ilinipa 61, na baada ya kuanza kutumia feni na plasta ikapanda hadi 97. Maabara hiyo hiyo ilinigundulia jambo lisilohusu vibandiko. Pamoja navyo nameza spironolaktoni ya kuzuia testosteroni, homoni ya kiume, dawa inayomfanya mtu akojoe sana na kutamani chumvi, na ambayo hubakiza madini ya potasiamu mwilini. Nami kwa kiu ya joto nilikuwa nikinywa madafu matatu kwa siku, ilhali dafu limejaa potasiamu. Kipimo kilisoma milimoli 5.3 kwa lita, juu ya kawaida, na potasiamu ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo. Nimeyaacha madafu, na sijui kama nimewahi kuacha kitu kwa uchungu kiasi hicho.

Vibandiko vilipokaribia kuisha nilizunguka maduka kadhaa ya dawa mjini bila kuvipata. Katika duka moja muuzaji alinishauri ninunue vidonge vya majira, akidai homoni ni homoni. Si kweli: vingi vya vidonge hivyo hutumia ethinilestradioli, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda kuliko estradioli ya kawaida, na miongozo ya tiba hii inaikataza.

Nilimwandikia daktari wangu, naye akakubali nihamie kwenye jeli ya estradioli ya kupaka ngozini, ambayo mwenzangu aliyekuja likizo ameniletea. Nimeianza juzi. Haina gundi, hukauka mkononi kwa dakika chache, lakini asiyehusika hapaswi kuigusa ngozi iliyopakwa kwa muda wa saa nzima, jambo gumu kwa mtu anayemuuguza mzee. Kwa hiyo naipaka kabla ya adhana ya alfajiri, navaa kanzu ya mikono mirefu, na saa hiyo ikipita ndipo naenda kumwinua bibi kitandani.