Waltzi za mapenzi za Brahms na piano ya mikono minne: uzoefu wangu Vienna

Nyota nne kati ya tano kwa tamasha hili, na hiyo iliyopungua imekatwa na mpangilio wa jukwaa. Waimbaji wanne, soprano, alto, tenori na besi; wapigaji wawili kwenye piano moja; ukumbi mdogo. Sehemu ya kwanza ilikuwa Spanische Liebeslieder (nyimbo za mapenzi za Kihispania) ya Robert Schumann, op. 138 (op. ni namba ya kazi ya mtunzi), halafu Fantasie ya Schubert katika F maina, D. 940 (namba yake katika orodha ya kazi za Schubert). Baada ya mapumziko, waltzi (ngoma za mapigo matatu) zote 18 za Liebeslieder, yaani nyimbo za mapenzi, za Brahms, op. 52. Muziki wenyewe unazidi saa moja kidogo tu.

Anayeingia akidhani piano ipo kuwasindikiza waimbaji atapitwa na nusu ya kazi. Brahms alipoitoa op. 52 mwaka 1869 aliitaja kuwa ni waltzi za piano ya mikono minne, na kuimba ni hiari. Mwaka 1874 akatoa toleo lisilo na waimbaji kabisa, op. 52a. Ilipopigwa nzima hapa Vienna, tarehe 5 Januari 1870, walioketi kwenye piano walikuwa yeye mwenyewe na mpiga piano Clara Schumann, mjane wa Robert. Ndiyo maana niliwapima kwanza wapigaji.

Wa kulia anashika sauti za juu, wa kushoto besi, na pedali kwa kawaida ni ya wa kushoto. Jozi nyingi huharibikia hapo: wa kushoto anakanyaga kwa kufuata besi yake, melodi ya mwenzake inageuka uji. Huyu alikuwa anasikiliza mkono wa jirani. Katika fyuga iliyo karibu na mwisho wa Fantasie, ambapo sauti zinakimbizana na pedali kidogo tu inatosha kuzizamisha, aliinua mguu mapema, na kila sauti iliyoingia ilijulikana imetoka mkono gani. Schubert aliitunga mwaka 1828, mwaka aliofariki, na sehemu zake nne hufuatana bila kusimama. Tafadhali msipige makofi katikati. Baadhi walipiga, na ule ukimya wa kabla ya melodi ya mwanzo kurudi ukapotea.

Kasi waliipata vizuri sana. Juu ya waltzi ya kwanza Brahms ameandika Im Ländler-Tempo, yaani mwendo wa ngoma ya mashambani ya Austria, mzito kuliko waltzi ya ukumbini. Wanaoanza mbio hawabakiwi na pa kwenda wimbo wa 2 unapoingia na mawimbi yake yanayopiga miamba. Hawa walianza taratibu, pigo la kwanza likikaa chini, la pili na la tatu yakiwa mepesi, na wimbo wa 2 ukalipuka kama inavyotakiwa.

Sasa jukwaa. Kifuniko cha piano kilifunguliwa chote, na waimbaji wakapangwa mstari mmoja mbele, migongo kwa wapigaji. Matokeo yake alto alifunikwa kila aliposhuka chini, na mianzo kadhaa ya pamoja ilichelewa kwa sababu hakuna aliyemwona mwenzake akivuta pumzi. Dawa ni rahisi: kifuniko kishikwe na kijiti kifupi, na waimbaji wasimame nusu duara kwenye mbonyeo wa piano, wa pembeni wakiwaona wapigaji kwa jicho moja. Muziki huu hauna mwongozaji. Pumzi ndiyo inayoongoza.

Uimbaji ulinigusa zaidi katika nyimbo za 11 na 12. Mashairi ni ya Mjerumani Daumer, na msikilizaji wa taarabu atayatambua mara moja: walimwengu hawaishi kusema, nikichangamka naambiwa mhuni, nikinyamaza naambiwa nimepagawa na mapenzi, basi njoo fundi, nitengenezee kufuli zisizo idadi niifunge midomo yao. Waliziunganisha bila kupumzika, na konsonanti za Kijerumani zikauma barabara. Wimbo wa 6, wa ndege aliyenaswa kwa ulimbo, mwimbaji wa tenori aliuanza kwa wepesi, lakini ule wa 17 anaouimba peke yake aliuvuta mno. Ni bembelezo la mtu anayemwambia mpenzi asitembee kwenye majani mabichi ataloa miguu, haubebi uzito wa opera.

Wanaofuata kwarteti (sauti nne pamoja) tu wajue kwamba op. 138 ya Schumann ina vipande kumi, na sauti nne hukutana katika cha mwisho pekee. Vingine ni vya mwimbaji mmoja au wawili, na viwili ni vya piano tupu. Mimi sikuchoka, ila jirani zangu walionekana kungoja.

Kipande cha nyongeza mwishoni kilikuwa Zum Schluss, cha kufungia op. 65, mkusanyo wa pili wa Brahms wa waltzi za mapenzi. Hapo Brahms anamwacha Daumer, anachukua maneno ya Goethe, na mapigo matatu ya waltzi yanageuka tisa mapana juu ya besi inayojirudia. Hapa ndipo sauti nne zilipolingana kuliko popote jioni ile, labda kwa sababu walikuwa wamesogea karibu na piano kuja kuinama.

Ukipata tiketi, chagua upande wa kushoto unapotazama jukwaa, safu ya tano kurudi nyuma: unaiona mikono yote minne na kifuniko hakikupigi usoni. Chukua kijitabu cha maneno mlangoni kabla hujaketi, maana waltzi nyingi hazifiki dakika mbili, na ukianza kutafuta ukurasa wimbo umekwisha.