Msumeno wa tundu: upi wa kununua, upi wa kuacha dukani

Msumeno wa tundu ni kikombe cha chuma chenye meno kinachofungwa kwenye drili. Seti ya bei chee yenye misumeno kumi na kitu inavutia macho, lakini mingi itazeekea ndani ya boksi. Fundi bomba anayetoboa tangi la plastiki ili afunge koneksheni anahitaji mitatu: 22 mm kwa nusu inchi, 27 mm kwa robo tatu na 35 mm kwa inchi moja. Kumbuka, "nusu inchi" ni jina la bomba tu; nyuzi zake za nje zina karibu 21 mm. Nunua mmoja mmoja, na aina uzichague kwa mpangilio huu.

1. Bai-metali. Meno ya chuma kigumu chenye kobalti yamechomelewa kwenye mwili wa chuma kinachonepa bila kuvunjika. Unakata mbao, hata yenye msumari uliojificha, pamoja na PVC, alumini, bati na chuma cha kawaida. Kama pesa inatosha aina moja, ni hii.

2. Meno ya kabaidi, yaani kitu kigumu kuliko chuma. Huu ni wa sinki la stenlesi na kazi za chuma za kila siku. Ni ghali, na jino hupasuka drili ikiyumba au ikigonga kwa nguvu.

3. Chuma cha kaboni. Jipsamu, plaiwudi na plastiki laini, basi. Kwenye chuma meno huisha kabla tundu halijatoka.

Vigae na kioo havimo humu: huko ni almasi na maji.

Wengi husahau shina, ile sehemu inayoshikwa na drili. Misumeno ya 14 hadi 30 mm kwa kawaida hutumia nyuzi za nusu inchi halisi, si ile ya bomba. Kuanzia 32 mm ni inchi 5/8. Kwa hiyo yule fundi wa tangi anahitaji mashina mawili. Lile kubwa liwe na pini zinazoingia kwenye kitako cha msumeno, la sivyo msumeno utajikaza kwenye nyuzi hadi uufungue kwa spana ya bomba.

Kinachoua msumeno ni mwendo. Bai-metali ya 51 mm kwenye chuma cha kawaida isizidi mizunguko 170 hivi kwa dakika, na kwenye stenlesi nusu yake. Ukikimbiza, meno hugeuka bluu na hayakati tena. Stenlesi nayo ikisuguliwa bila kukatwa huzidi kuwa ngumu. Tia mafuta, kandamiza sawasawa, na ushike mkono wa pembeni wa drili, maana msumeno mkubwa ukinasa hupinda kifundo cha mkono.

Kwenye mbao nene, moshi ukianza ujue unga umejaa kwenye meno. Toboa kijitundu kwa biti ya 8 mm juu ya mstari wa kukata, upande wa kipande kitakachotoka, unga uporomokee humo. Biti ya katikati, ile inayoutangulia msumeno, ikichungulia nyuma, geuza mbao umalizie upande huo, isichanike.