Miaka miwili na Prius ya volani kuume, Lubumbashi

Fungua boneti ya Toyota Prius ya kizazi cha tatu, gari ya haibridi (inayotumia injini ya esansi, yaani petroli, pamoja na mota za umeme), tafuta mkanda wa injini: haupo. Hakuna alteneta wala stata, na klachi hutaiona. Nilipoinunua hii yangu ya mwaka 2011, iliyotoka Japani ikapitia Dar es Salaam na Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, hilo ndilo lililonivuta. Mimi ni fundi wa umeme wa mashine, napenda kitu kilichobuniwa kwa akili.

Kwenye giaboksi kuna gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati ndani ya gia kubwa ya nje. Injini ya lita 1.8 inazungusha fremu iliyoshika gia ndogo, mota moja imekaa kwenye gia ya katikati, na mota kubwa inavuta upande wa gia ya nje pamoja na magurudumu. Kompyuta ikibadili mwendo wa ile mota ya kwanza, uwiano wote unabadilika bila gia kuingia wala kutoka. Mota hiyohiyo inawasha injini, na hiyohiyo inazalisha umeme. Nyaya zake ni shaba tupu, na mimi mtoto wa mji wa shaba nafurahi kila nikilifikiria hilo.

Mapenzi ya haibridi yalinianza kwa kusoma habari za Porsche 918 Spyder, iliyotengenezwa magari 918 tu. Ina injini ya V8 (silinda nane) ya lita 4.6 na mota mbili za umeme, jumla farasi 887, na mwaka 2013 ilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 6 na sekunde 57. Yangu ina farasi 134, na kufika kilomita 100 kwa saa inachukua sekunde 10 na ushei. Ile imetumia umeme kutafuta kasi, hii kubana esansi, lakini wazo ni moja: nguvu ya breki isiishie kuwa joto, irudi kwenye betri, kisha mota iitumie pale injini inapokuwa dhaifu. Tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo (pampu ya kusukumia hewa) inapungukiwa. Mota haihitaji hewa. Kila ninapoondoka kwenye makutano naihisi mgongoni.

Asubuhi kwenye foleni ya kutoka Ruashi kuingia mjini ndipo raha yenyewe ilipo. Injini imezimika, gari inasogea kimya. Kwa hesabu yangu ya tangi kwa tangi, mjini inakula lita 5 kwa kilomita 100. Njia kuu ya kwenda mji wa Likasi inakula zaidi, kwa sababu huko hufungi breki mara kwa mara na betri haipati cha kurudishiwa.

Kiangazi cha mwaka jana, taa ya onyo ya pembetatu nyekundu iliwaka kwenye dashibodi. Garaji moja ikaniambia betri kubwa, ile inayoendesha mota, imekufa, ninunue nyingine nzima, kwa bei inayokaribia nusu ya gari. Niliumia, na sikukubali. Kijana mmoja wa mtaa wa Katuba mwenye mashine ya kusoma makosa aliniambia, "Yaya (mkubwa wangu), tuangalie voltaji kwanza." Betri hiyo ina moduli 28, yaani betri ndogondogo zilizounganishwa, kompyuta inazisoma mbilimbili, kwa hiyo kwenye skrini zilitoka namba 14. Zote zilikaribiana. Joto ndilo lililokuwa limepanda sana.

Akavaa glavu, akachomoa plagi ya usalama, tukasubiri dakika kumi (nyaya za rangi ya chungwa huzigusi kabla ya hapo), ndipo akatoa feni ya betri. Mapanga yake yalikuwa yamevaa vumbi jekundu lililogandamana na nywele, nene kama blanketi. Feni hiyo inavuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu pembeni mwa kiti cha nyuma. Ukipita barabara za vumbi vioo viko wazi, betri inameza vumbi lote. Tukasafisha, taa ikazimwa, haijarudi tena. Sasa vioo nafunga, na feni naisafisha kila miezi mitatu.

Kasoro zipo. Tumbo liko chini, na masika barabara za mitaani zinalikwaruza. Betri ndogo ya volti 12 ikifa, gari haiamki hata kama ile kubwa imejaa. Na volani kuume, katika nchi inayoendesha kulia, inakuweka upande wa mtaro: kulipita lori la madini njia ya Likasi lazima aliyekaa kushoto akuangalizie mbele. Nikiwa peke yangu silipiti.

Anayetaka kununua, kabla ya kutoa pesa, aombe aoneshwe zile namba 14 gari ikiwa inapanda kilima, maana ikiwa imesimama hata moduli mbovu inaweza kuonekana nzima. Kisha amulike tochi kwenye ule wavu wa kiti cha nyuma.